Yasemwayo Stejini Kuhusu Vifo vya Pikipiki

Mackinnon Road ni mji wa Kaunti ya Kwale ambao wasafiri wengi wanaujua kwa mambo mawili: msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli, na malori yasiyokwisha kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Wenyeji wanaujua pia kwa pikipiki. Ukiiacha lami ukaingia ndani kuelekea Kilibasi na vijiji vingine vya Kinango, matatu ni adimu. Bodaboda ndiyo inayombeba mama mjamzito, mitungi ya maji, gunia la makaa, mbuzi wa mnadani na mwanafunzi aliyechelewa. Tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250 mwaka 2008, kazi hii imewalisha maelfu ya vijana wa Pwani, na sitaki mtu asome makala haya akadhani naitukana.

Lakini vijana hao wanazikwa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu watu 4,324 waliokufa kwenye barabara za Kenya. Mwaka 2024 hesabu ikapanda hadi 4,748. Wanaotembea kwa miguu ndio wanaokufa zaidi, na wa pikipiki wanawafuata. Kwenye matanga na kwenye steji husikika maelezo yale yale kuhusu vifo hivi, na mengi hayana ukweli. Nayajibu kwa sababu watu wanayatumia kuamua. Kwa kuyaamini, mtu huivua helmeti, humpakia abiria wa pili, na majeruhi hulazwa nyumbani usiku ambao angepaswa kuwa hospitalini.

"Naenda hapo tu." Huu ndio utetezi wa kwanza, nao umejengwa juu ya dhana kwamba kinachoua ni safari ndefu na mwendo wa kasi kwenye lami. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki za Los Angeles, ambazo walizichunguza kwa kufika pale pale zilipotokea. Waligundua kwamba nyingi zilitokea kwenye safari fupi za shughuli za kawaida, muda mfupi baada ya mtu kuondoka alikotoka. Nusu ya waendeshaji walikuwa wakienda chini ya kilomita 48 kwa saa kabla ya hatari kujitokeza, na kufikia kugonga wengi walikuwa wameshapunguza hadi karibu 35. Huo ni mwendo ambao kijana wa Mackinnon Road anauita wa pole.

Anayekwenda kilomita 50 kwa saa akasimamishwa ghafla na ubavu wa lori au kisiki hupata kishindo cha mtu aliyeanguka kutoka karibu mita 10. Hicho ni kimo cha mnazi, na hakuna mgema wa Msambweni atakayekuambia kwamba mnazi wa nyumbani hauvunji kichwa. Tena madhara hayapandi sawasawa na kasi. Ukitoka kilomita 40 hadi 80, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu inayopaswa kumalizikia mahali fulani imeongezeka mara nne. Gari lina bodi ya chuma ya kuipokea. Kwenye pikipiki inapokelewa na mifupa.

Wapo wasemao helmeti yenyewe ndiyo inayoua, kwamba uzito wake huvunja shingo, na kwamba inaziba masikio mtu asisikie honi. Nimelisikia hili kutoka kwa watu wazima wenye busara, na linastahili jibu kamili.

Tuanze na shingo. Watafiti wa Johns Hopkins nchini Marekani walipitia kumbukumbu za majeruhi zaidi ya 40,000 wa pikipiki, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Waliovaa helmeti hawakuumia shingo zaidi. Uwezekano wao wa kuvunjika mifupa ya shingo ulikuwa chini kwa kiasi cha moja ya tano. Mapitio makubwa ya tafiti za nchi mbalimbali, yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2008, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ninayemwona akitumia hoja ya shingo kuacha helmeti nyumbani anakimbia hatari ambayo haikuthibitika, na anaikumbatia ile inayojulikana vyema.

Kuhusu masikio na macho, mwaka 1995 watafiti wawili Wamarekani waliwapima waendeshaji 50 barabarani, wakiwa na helmeti na bila helmeti. Waliovaa waligeuza kichwa kidogo zaidi ili kuona pembeni, basi. Honi waliisikia sawa. Sababu inaeleweka: ukiwa kwenye mwendo, kinachokuzibia honi ni upepo na mlio wa injini, na helmeti huupunguza upepo ule ule.

Wazo la helmeti halikuanzia kwa askari wa trafiki anayetafuta faini, kama baadhi wanavyodai. T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki Mei 1935 akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli. Alikufa siku sita baadaye kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alianza kuwachunguza askari wa pikipiki waliokuwa wakifa kwa wingi, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na mwaka ule ule jeshi la Uingereza likaagiza wapeleka barua wake wavae helmeti. Jambo hili limetoka wodini, kwa watu waliochoka kupoteza vijana.

Hata hivyo lipo la kweli ndani ya lawama hizi: helmeti nyingi zinazoonekana barabarani kwetu hazifai kitu. Ganda la nje husambaza kishindo, lakini kazi kubwa hufanywa na povu jeupe gumu lililo ndani, ambalo hubonyea na kuupa ubongo sehemu ndogo ya sekunde ya kupunguza mwendo. Povu likishabonyea mara moja halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopitia ajali imekwisha kazi hata kama kwa nje inang'aa. Isiyo na povu ni ganda tupu. Na ile isiyofungwa mkanda wa kidevuni hutangulia kuruka, kichwa kikaifuata kikiwa wazi. Jaribio lake ni rahisi: ifunge, ishike kwa nyuma, ivute juu na mbele. Ikitoka hapo, itatoka barabarani.

Abiria naye ana maneno yake. "Hiyo helmeti wamevaa watu wengi, itanipa mapunye." Malalamiko haya ni halali. Helmeti iliyolowa jasho la watu ishirini inachukiza, na mwanamke aliyesuka au aliyejifunga mtandio ana haki ya kuuliza. Lakini dawa yake ni kitambaa safi cha kuvaa ndani, na kuianika helmeti juani, kitu ambacho Mackinnon Road haikukosa kamwe. Sheria ya Trafiki ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2012 inamtaka mwendeshaji awe na helmeti na jaketi la rifleksta kwa ajili ya abiria pia. Utafiti wa Thika na Naivasha uliochapishwa mwaka huo huo ulikuta kwamba karibu theluthi tu ya waendeshaji ndio waliovaa, na abiria wachache mno. Mjini Kigali helmeti ya abiria ni jambo la kila siku, na abiria huivaa kabla hajakaa. Kazi ni ile ile.

Hapa niseme pia juu ya kukaa upande, maana kwetu Pwani wanawake wengi hupanda hivyo kwa ajili ya heshima. Heshima siigusi. Lakini anayekaa upande hana goti la kubana wala kikanyagio cha pili. Pikipiki ikiondoka kwa ghafla au ikigonga tuta, anakwenda kinyumenyume na kisogo ndicho kinachotangulia. Pindo la buibui au la leso likinaswa na cheni au spoku, linamvuta chini pikipiki ikiwa bado inakwenda. Suruali ndani, buibui likakusanywa na kubanwa mapajani, na kukaa kwa kuipanda pikipiki: sitara imebaki, na mtu ana pa kujishikilia.

"Tukipakia watatu hatukimbii, kwa hiyo ni salama zaidi." Sivyo. Breki za pikipiki ndogo zimetengenezwa kwa mwendeshaji na abiria mmoja, na sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele hukosa mshiko na usukani huwa mwepesi, hasa kwenye mchanga na kokoto za barabara za ndani. Abiria wa mwisho hukaa kwenye keria bila pa kuweka miguu. Kinachoniuma zaidi ni mtoto anayewekwa mbele kwenye tangi la mafuta. Pikipiki ikisimama ghafla, mtoto hupigwa tumboni na usukani, huku uzito wa mtu mzima ukimkandamiza kwa nyuma. Usukani ule hupasua ini na wengu, na kwenye ngozi huweza kuacha alama ndogo tu.

Sasa malori. "Sisi hatuna kosa, wanaotuua ni madereva wa trela." Sehemu ya hoja hii ina ushahidi. Katika ripoti ya Hurt, karibu robo tatu za ajali zilihusisha chombo kingine, na katika theluthi mbili za hizo kosa lilikuwa la dereva wa gari, ambaye aliikata njia ya pikipiki. Wengi wa madereva hao walisema hawakuiona, na nadhani walisema kweli. Jicho linalotafuta gari hupita juu ya kitu chembamba bila kukisajili.

Ndiyo maana nawakatalia wanaosema jaketi na taa ni vya usiku. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, uliwalinganisha waendeshaji walioumia na wengine wa barabara zile zile. Waliovaa nguo za rangi ya kung'aa au za rifleksta walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37. Waliowasha taa mchana, asilimia 27. Helmeti nyeupe ikilinganishwa na nyeusi, asilimia 24. Kubadilisha rangi ya helmeti hakuongezi lita ya mafuta.

Lakini lori halibebi lawama zote, kwa sababu sheria za uzito hazijali nani ana haki. Trela lenye shehena kwenye kilomita 80 kwa saa huweza kuhitaji karibu mita 100 kusimama, tangu dereva aone hadi magurudumu yatulie. Anayetoka kwenye njia ya vumbi akaingia barabara kuu akitegemea kwamba "ataniona, atapunguza" anategemea kitu ambacho breki za lori hazina. Lori likikata kona, matairi yake ya nyuma hayafuati yale ya mbele, yanapita ndani zaidi, na pikipiki iliyojipenyeza ubavuni hukuta nafasi imefungwa. Na usiku kuna lori lililoharibika, limeegeshwa nusu kwenye lami bila pembetatu wala taa. Kosa hapo ni la mwenye lori, tena kosa kubwa ambalo polisi wanapaswa kulishughulikia kwa ukali zaidi kuliko wanavyoshughulikia leseni. Ila kifua kinachogonga ukingo wa bodi lile ni cha mwendeshaji, na taa hafifu ya pikipiki iliyofungwa kwa waya haiwezi kumwonyesha mbali kuliko anavyoweza kusimama. Kwenye kilomita 60 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka peke yake hula mita 25.

Zipo pia zile ajali zisizo na mwingine wa kulaumiwa: ng'ombe waliolala kwenye lami kwa joto lake, punda gizani, ukingo wa lami uliomeguka, mchanga uliomwagika kwenye kona.

"Mimi ni mzoefu" sitalijibu kwa urefu. Hurt alikuta asilimia 92 ya waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na rafiki, jinsi ambavyo wengi wetu hufundishwa jioni moja uwanjani. Uzoefu huo humfundisha mtu kuendesha. Kufunga breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja bila kuteleza ni somo jingine, na wengi wanakutana nalo kwa mara ya kwanza siku ya hatari. Pombe nayo ilikuwepo katika karibu nusu ya ajali za vifo alizochunguza. Glasi ya mnazi haimwondolei mtu ujasiri, inamrefushia ule muda wa kushtuka ambao tumeshaona ni mita ngapi. Na muguka unaomfanya kijana akeshe barabarani hauondoi uchovu, unauficha tu.

Neno zito kuliko yote ni "siku yake ilikuwa imefika". Linasemwa kwa imani, na kwa mfiwa lina faraja ambayo sina haki ya kumnyang'anya. Lakini likisemwa na aliye hai kuwa sababu ya kutofunga mkanda wa helmeti, dini yenyewe inamkataza. Mtume alipoulizwa kuhusu kumwacha ngamia bila kamba kwa kumtegemea Mungu, alielekeza afungwe kwanza, ndipo mtu ategemee. Madereva wanaopunguza mwendo Mackinnon Road kutoa sadaka na kuomba dua pale msikitini hawayafungui matairi yao kwa kuwa wameomba. Vietnam iliwalazimisha wote wa pikipiki kuvaa helmeti kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Katika hospitali zilizofuatiliwa kabla na baada ya hapo, hatari ya majeruhi wa barabarani kuwa na jeraha la kichwa ilipungua kwa asilimia 16, na ya kufa kwa asilimia 18. Ajali hazikuacha kuwa katika uwezo wa Mungu tarehe ile. Watu walivaa helmeti, wakaishi.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. "Aliinuka mwenyewe, akaongea nasi, akanywa soda, akaenda kulala. Asubuhi tukamkuta amekufa. Hayo si mambo ya bure, kuna mkono wa mtu." Baada ya hapo huanza kutajwa majina ya majirani na mashangazi, na ukoo hugawanyika kwa kifo ambacho tabibu angekieleza kwa dakika mbili.

Pembeni ya kichwa, kwenye panja, kati ya jicho na sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba na mshipa wa damu unapita kwa ndani. Mfupa ukipasuka na kuuchana mshipa ule, damu hukusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanzoni ni kidogo, na mtu huzinduka, husimama, hutaja jina lake, pengine hudai pikipiki yake. Damu huendelea kuongezeka kwa saa kadhaa hadi inausukuma ubongo chini. Hapo hulala usingizi usioamshika, na pumzi hukatika. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji nchini Kanada mwezi Machi 2009, akawaambia wahudumu kwamba hajambo, akarudi hotelini kwa miguu yake. Siku mbili baadaye alikuwa amefariki kwa jeraha la namna hiyo hiyo. Hakuna aliyemroga. Daktari akiwahi kutoboa fuvu na kuitoa damu ile, mgonjwa huweza kurudi nyumbani mzima.

Tumboni nako kuna hadithi inayofanana. Wengu uliopasuka huweza kuvuja polepole, mtu akalalamika maumivu ya bega la kushoto na kiu, kisha akapauka na kuishiwa nguvu. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Mfupa mmoja wa paja uliovunjika unaweza kumeza lita nzima au zaidi ndani ya misuli, na nyonga iliyosagika huchukua zaidi ya hapo bila tone kuonekana nje. Macho ya watu hukimbilia muundi uliochomoza mfupa, kwa sababu unatisha. Jeraha hilo linahitaji kufunikwa na dawa za kuzuia usaha mapema, lakini mara nyingi kinachoua kiko kichwani, kifuani, tumboni na nyongani, mahali ambapo hapatishi mtu.

Kwa hiyo aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja, aliyetapika, anayesinzia isivyo kawaida, anayeongea ovyo, ambaye mboni moja ya jicho imepanuka kuliko nyingine, au anayetokwa na maji meupe au damu puani na masikioni, aende hospitali usiku huo huo. Asiambiwe amelewa tu. Asipewe soda wala maji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji, na anayepoteza fahamu hupaliwa. Damu inayotoka izuiwe kwa leso iliyokunjwa na kukandamizwa bila kuachia. Asikalishwe kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili kama tunavyozoea, kwa maana shingo iliyovunjika hukatikia hapo na ulimi huziba koo. Alazwe kwenye pikapu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, na mtu mmoja amshikie kichwa njia nzima. Akitapika, ageuzwe ubavu kwa pamoja, mwili wote.

Mwingine apige simu mbele, Voi au Mombasa kutegemea upande ulio karibu, aulize kama leo kuna kipimo cha kichwa na daktari wa upasuaji, kabla pikapu haijashika njia.